Mimi, Manusura wa Vedette Mamba

Jumatatu, 4 Agosti

Matokeo ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, yametoka. Gentille, binti yangu wa kwanza, amepata asilimia sabini na nne! Avenue nzima imepiga kelele. Vijana wamemmwagia poda kichwani mpaka kope zikawa nyeupe. Nimejimwagia na mimi kidogo, maana akili hizo hazikutoka hewani. Joséphine, mke wangu, akasema ni kweli, zimetoka kwa mama yake. Kwa kuwa ni siku ya furaha, nimemsamehe.

Sasa shida. Gentille anataka kusomea udaktari hapa hapa Bunia. Mimi ni komisioneri wa viwanja: namtafutia mwenye kiwanja mnunuzi, wakishaonana wananisahau wote wawili. Joséphine anauza makayabo, samaki wakavu wa chumvi, sokoni. Makayabo yanatulisha, Mungu abarikiwe, lakini hayawezi kusomesha daktari. Nimemwambia Gentille asiogope, baba yupo. Amenitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jioni akaja Isidore, jirani yetu. Mtu wa kujivuna sana. Alikuwa mpishi wa jeshi la majini huko Banana, kwenye bahari, kisha akamfuata mke mpaka Bunia. Mpaka leo anatembea ametanua miguu, utadhani udongo wa kwetu Shari unayumba. Mwanawe Didier amepata hamsini na moja. Hamsini na moja! Lakini baba mtu anacheka tu. Akaeleza kwamba Amicale, chama cha Wanamaji wa Zamani, inatoa bourse ya chuo kikuu, kulipiwa masomo mpaka diploma. Nafasi ni mbili. Moja ni ya mtoto wa mwanamaji. Nyingine ni ya mtoto wa raia, nayo inapiganiwa kwa concours, mtihani wa ushindani, mji mzima. "Ile ya marine ni ya Didier, Baba Gentille. Weye ulikuwaka marine? Hapana. Basi." Akachukua kipande cha mwisho cha samaki wetu, akaenda zake.

Concours! Kukaa na kuandika pamoja na watoto wa mji mzima! Mwenye akili hapiti mlango wenye foleni. Tutapita ule mwingine.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekuwa mwanamaji.

Amicale inakutana nyumbani kwa Komanda Félicien, mstaafu mwenye meno machache na medali nyingi. Ziwa Albert liko mbali huko chini Kasenyi, hapa ni vumbi na mikaratusi, lakini kwa Komanda huingii ndani, unapanda kama melini. Wanapuliza filimbi ndipo upite getini. Upande wa jikoni unaitwa babord, upande wa choo unaitwa tribord. Mzee mmoja aliuliza mahali pa kujisaidia akaonyeshwa kwa saluti.

Katibu ni Mama Immaculée. Zamani alikuwa kwenye radio ya kituo cha wanamaji, na bado anasikiliza kama mtu mwenye vifaa masikioni. Akaniuliza nilitumika kwenye chombo gani. Sikuwa nimeandaa jibu! Nikatupa macho ukutani. Kibao cha mbao, msalaba, na maandishi ya ile boti ya doria iliyozama kwa dhoruba miaka ile: VEDETTE MAMBA. ZIWA LILIWACHUKUA WOTE.

Wote! Akili yangu ikafanya kazi haraka. Waliokufa hawabishi. Nikasema Mamba.

Komanda akavua miwani. Akauliza inawezekanaje. Nikaeleza kwamba nilipanda siku ile ile ya dhoruba, mwanajeshi mpya, hata jina langu lilikuwa halijaandikwa. Chombo kikapinduka. Nikashika bidon ya njano, dumu tupu la mafuta. Nikaelea mpaka upande wa Uganda, wavuvi wakaniokota, homa ikanipanda kichwani nikasahau kila kitu. Leo, kwa kuona kibao, kumbukumbu imerudi! Na hapo nikalia. Machozi yalikuja yenyewe, nami nayashangaa hadi sasa.

Ukweli, mwaka ule nilikuwa hapa Bunia nikitafutia mnunuzi nyumba ambayo mwenyewe alikuwa bado amelala ndani. Ziwani nimekwenda mara moja tu, na Joséphine, kununua samaki. Nilitapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa. Lakini nani atanipinga? Isidore alikuwa Banana. Komanda aliletwa Kasenyi baada ya dhoruba. Njia nyeupe!

Komanda amenivika kofia ya wanamaji, nyeupe, yenye nanga mbele. Inanipendeza sana. Isidore aliitazama kuanzia mwanzo wa kikao mpaka mwisho.

Gentille alitaka kunieleza jambo kuhusu masomo. Nikamwambia asubiri, baba yuko kwenye mipango mikubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano mkuu. Nimeketi mbele, upande wa Komanda. Isidore safu ya pili. Siku ilianza vizuri.

Kisha akasimama mwanamke mmoja, mkavu, mikono myeusi kwa makaa anayouza. Anaitwa Elisabeth. Marehemu mumewe alikuwa mekanisien, fundi mitambo wa Mamba. Amekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mji kwa sababu amesikia yuko mtu aliyekuwa naye majini. Hakupiga salamu ndefu. "Shemeji, weye njo ulimuona wa mwisho. Alisema nini?"

Ningeweza kusema upepo ulikuwa mkali, sikusikia kitu. Ningeweza! Lakini watu wote walikuwa wakinitazama, kofia iko kichwani, Isidore ameshika kidevu. Nikasimama. Nikasema mumewe alinishika mkono katikati ya mawimbi, akaniambia: "Ndugu, batoto yangu nakuachia weye. Basome."

Kilio! Komanda analia, wazee wanalia, Isidore analia na kamasi zake. Elisabeth peke yake hakulia. Alifumba macho, akayarudia maneno yale polepole. Utamu ukanizidi. Nikaongeza kwamba na wengine walisema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuzama. Hapo labda nilizidisha kidogo.

Nyumbani Joséphine akaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema vumbi.

Jumapili, 10 Agosti

Wamenitangaza kanisani, kabla ya matangazo ya ndoa! Manusura wa Mamba, asimame. Nikasimama. Hivyo ndivyo Joséphine alivyojua.

Alinitangulia kwa hatua ndefu mpaka nyumbani. Ndipo akaniuliza kama ni manusura huyu huyu ambaye anafumba macho akivuka mto Shari kwenye daraja. Nikamweleza mpango, kwamba yote ni kwa ajili ya Gentille. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba ndiyo sababu mimi hufika haraka. Chakula kimechelewa sana leo.

Jumanne, 12 Agosti

Majanga.

Asubuhi filimbi imelia getini kwetu. Komanda kwa miguu, medali kifuani, na nyuma yake pikipiki mbili zilizobeba magodoro, masufuria, kuku mmoja aliye hai na watu watatu. Mireille na Nicolas, watoto wa Elisabeth. Na Orly, mtoto wa marehemu mwingine wa Mamba, kijana mrefu ambaye nguo zote alizovaa zimemwishia njiani.

Komanda akasema watoto wangu wamefika.

Nikauliza watoto wangu wepi. Akanirudishia maneno yangu mwenyewe, moja moja, hakuacha hata "basome". Nikasema mimi nilielewa marehemu alisema kiroho zaidi. Komanda akanyooka. "Ya kiroho ni ya padri. Siye ni marine. Mutu akikufa akiacha neno, ile neno ni amri, na mwenye aliisikia njo mwenye kuitimiza." Majirani waliojaa kwenye uzio wakaitikia ndiyo. Kweli ndivyo ilivyo kwetu. Neno la marehemu halivunjwi. Babu yangu aliacha neno kwamba ng'ombe fulani asiuzwe, na ng'ombe yule alikufa kwa uzee akiwa ameheshimiwa kuliko mimi. Mambo haya niliyajua! Nilisahau tu kwamba na maneno ya kutunga yanahesabiwa.

Joséphine akawatazama watoto, akanitazama mimi, akatazama sufuria la maharage. Akaongeza maji. Watoto anawasemesha kwa upole, "karibuni batoto, mukae". Mimi hanisemeshi. Wananiita Baba Mudogo. Dady, mwanangu wa pili, amepewa Nicolas wa kulala naye, na Nicolas anapiga mateke.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Mama Maria. Orly amekula sahani yangu ya fufu. Aliomba ruhusa kwanza, kwa adabu kubwa, mbele ya wageni. Ningesemaje?

Mireille ni msichana wa kichwa. Ana asilimia sitini na sita. Yeye na Gentille wanasoma pamoja nyuma ya nyumba na wamekuwa ndugu.

Leo Gentille amenikamata bila nafasi ya kukimbia. Kumbe alikwenda kuandika concours ya Amicale, ile ya raia, alhamisi iliyopita! Ndilo jambo alilotaka kunieleza. Matokeo ni kesho. Nikacheka. Nikamwambia hakuna haja ya kujichosha, ile nafasi ya mtoto wa mwanamaji iko mfukoni. Akasema, "Baba, sisi si watoto wa mwanamaji." Nikamwomba ashushe sauti, Orly yuko mlangoni. Akasema Orly anajua. Orly aliniona kwenye mvua ya juzi nikiruka kidimbwi kwa woga.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kabla sijala.

Tumekaa wote nyumbani kwa Komanda. Filimbi. Mama Immaculée akasoma matokeo ya concours. Wa kwanza katika mji mzima wa Bunia: Gentille! Binti yangu! Nikarusha kofia juu. Na ni yeye peke yake aliyefikia alama zinazotakiwa.

Kisha Mama Immaculée akainua kidole. Akakumbusha kwamba nafasi ya raia haitolewi kwa mtoto wa mwanamaji, ili wanamaji wasije wakala pande zote mbili. Na Gentille ni binti wa manusura wa Mamba. Kwa hiyo nafasi ya raia itabaki wazi mpaka mwaka ujao. Aliposema hayo alinitazama mimi, si karatasi.

Nikajituliza. Haidhuru, bado ile nyingine. Akasimama Komanda. Akasema nafasi ya mtoto wa mwanamaji ilikuwa na watatu: Didier, Gentille na Mireille. Lakini nani anaweza kushindana na marehemu? Marehemu amesema kwa kinywa cha ndugu yetu huyu: basome. Nafasi ni ya Mireille.

Akaja akanikumbatia mbele ya watu, medali zake zikanichoma shingo. Akauliza mkutano kama wameshawahi kuona baba wa namna hii, anayemwacha binti yake ili mtoto wa mwenzake asome. Akaomba wote wasimame kwa heshima yangu. Wakasimama. Isidore alisimama ameuma meno, maana Didier wake ameanguka katika vita hiyo hiyo. Mireille alisimama akilia.

Gentille hakusimama. Alikuwa akipangusa kofia yangu iliyoanguka kwenye vumbi. Akanipa bila kunitazama.

Jumapili, 17 Agosti

Gentille amekuja kwangu baada ya misa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema majina yanapelekwa chuoni jumatatu ya tarehe 25. Mpaka siku hiyo, nikienda kwa Komanda na kusema neno moja tu, kwamba sikuwa mwanamaji, yeye anarudi kuwa mtoto wa raia, na nafasi aliyoishinda mwenyewe inakuwa yake. Mireille hapotezi kitu. Hakuna anayepoteza kitu isipokuwa mimi. "Baba, neno moja."

Nikasema naenda sasa hivi. Nilimaanisha! Nikavaa kofia, maana jua lilikuwa kali. Njiani waendesha pikipiki wakapiga honi: Marine! Marine! Mama muuza ndizi akanipa ndizi mbili, akakataa malipo. Kwa Komanda wakanipulizia filimbi. Akaniletea kiti chake mwenyewe na chai yenye maziwa.

Nikanywa chai. Nikarudi.

Nimemwambia Gentille sikumkuta. Akaitikia tu, akaenda kuteka maji. Nimeona aibu, naandika kama ilivyo. Miaka hamsini katika mji huu na hakuna mtu aliyewahi kunipa kiti chake.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepata njia ya katikati. Mimi ni mtu wa njia za katikati.

Nilimwendea Komanda nikamwambia kumbukumbu zinanichezea. Pengine chombo kile hakikuwa Mamba. Pengine kilikuwa cha wafanyabiashara. Pengine mimi nilikuwa abiria tu, nina nyanya. Nilitaka uanamaji uniache polepole, bila mtu kuona ukitoka.

Komanda akalia tena. Mzee huyu ana machozi mengi kuliko jenereta ina mafuta! Akasema ule ni ugonjwa wa aliyeokoka: anaona haya kuwa hai, ndipo anajikana. Akauliza dawa yake ni nini. Mama Immaculée akajibu bila kuinua kichwa kwamba dawa yake ni kurudishwa majini. Mila ya wanamaji wa ziwa inajulikana. Aliyeokoka hubeba shada la maua mwenyewe, huingia nalo ziwani mpaka maji yamfike kifuani, na huko huwaita marehemu kwa majina. Mamba haijawahi kufanyiwa hivyo, kwa kuwa hapakuwa na aliyeokoka.

Kifuani!

Nikauliza kama vijana wangeweza kunisaidia kubeba. Haiwezekani. Ni jumamosi hii, Kasenyi, familia zote.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimefanya mazoezi. Nimesimama ndani ya beseni la Joséphine la kulowekea makayabo. Mara ya kwanza nilifumba macho. Mara ya pili nilifumbua macho. Dady na Nicolas walichungulia dirishani wakacheka mpaka wakaanguka. Wamepatana sasa, naona ni kwa sababu yangu.

Isidore akapita, akaniuliza mbona natetemeka. Malaria, nikasema. Akasema mtu wa Mamba hawezi kuogopa maji, si kweli? Nikasema si kweli. Yaani kweli. Akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi, 23 Agosti

Kasenyi. Nitaandika mara moja tu, sitarudia tena.

Tulishuka na lori, wote tukiimba isipokuwa mimi. Huko chini joto, nzi, harufu ya samaki wanaoanikwa. Na ziwa. Kwa nini liwe kubwa hivyo? Nani alihitaji maji yote yale?

Familia zikapanga mstari ufukweni. Elisabeth amevaa kitenge kipya. Gentille na Joséphine walikuwapo. Komanda akapuliza filimbi, akanipa shada, akanifuata nyuma kwa hatua ya kijeshi.

Nikaingia. Maji yakafika kwenye vifundo. Nikasema moyoni: beseni, hili ni beseni. Yakapanda chini ya goti. Ndipo kitu kikanigusa mguu. Kirefu. Laini. Kinatembea.

Isidore anasema yalikuwa majani. Isidore hakuwa ndani ya mguu wangu.

Nilipiga ukelele ambao mbuzi wote wa Kasenyi waliuitikia. Nikatupa shada. Nikamrukia Komanda shingoni, tukaanguka wote wawili, medali na kila kitu. Maji yakaniingia mdomoni, nikajua nakufa, na mtu anayekufa hachagui maneno. Nilisikia sauti yangu ikilia: "Munitoe! Munitoe! Miye si marine! Miye ni komisioneri ya viwanja! Miye sijapandaka Mamba hata siku moja! Mama yangu eee!"

Isidore akaja, akanishika ukosi wa shati, akanisimamisha. Maji yalitufikia magotini.

Wavuvi waliacha kuvuta nyavu. Kofia yangu ilikuwa inakwenda zake, na shada linakwenda upande mwingine. Hakuna mwanamume aliyesogea. Wanamaji wa zamani wote, na nanga zao, wamesimama ufukweni wakitazama viatu vyao.

Elisabeth akavua kandambili. Akaingia na kitenge chake kipya. Akalifuata shada, akalishika, akaenda nalo mpaka maji yakamfika kifuani, na huko akamwita mumewe kwa jina. Kisha akawaita na wengine wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuita watu waje kula. Akaliachia. Akarudi.

Kwenye lori watu walikaa mbali nami. Yeye akaja akakaa karibu, nguo zinachuruzika. Akauliza kama maneno yale niliyatunga mimi. Nikasema ndiyo. Akakamua pindo la kitenge. "Bwana yangu hakukuwaka mutu ya maneno mingi. Angesema tu maji iko baridi." Akacheka. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alilia mpaka tulipopita barrière ya mwisho, kizuizi cha kuingilia mjini. Nilitafuta neno la kumwambia. Mimi! Sikupata hata moja.

Jumapili, 24 Agosti

Hukumu, nyumbani kwa Komanda. Nimesimama upande wa tribord.

Jina langu limefutwa. Siwezi kuitwa mwanamaji tena, wala kupuliziwa filimbi, wala kupewa chai. Kuanzia sasa nitafagia uwanja wa Amicale kila jumamosi. Mama Immaculée akasema alijua tangu siku ya kwanza, maana mtu aliyeelea kwenye bidon usiku kucha hataji rangi yake. Anataja jinsi mikono ilivyouma. Nikauliza mbona alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na nilichelewa, ndipo akanitafutia maji.

Basi Gentille ni mtoto wa raia. Nafasi yake imerudishwa, jina linakwenda chuoni kesho. Mireille anabaki na ya kwake. Nikapumua. Nikamwambia Komanda kwamba angalau sasa watoto wale watarudi kwa mama zao.

Akashangaa sana. Chombo kilikuwa cha uongo, akasema, lakini ahadi je? "Ahadi ulitoa na kinywa yako, mbele ya watu, hakuna mutu alikulazimisha." Uongo umefutwa, ahadi inabaki. Wazee wote wakatikisa vichwa kuafiki. Hata Isidore! Isidore ndiye aliyetikisa zaidi.

Nyumbani nimemfungulia Gentille mikono. Nikamwambia, umeona? Mipango ya baba yako inazunguka lakini inafika. Akanikumbatia kweli, kwa nguvu. Akasema, "Asante, baba, kwa kuanguka."

Jumatano, 27 Agosti

Utulivu. Gentille na Mireille wameandikishwa chuoni. Nicolas na Orly wanambebea Joséphine makayabo mpaka sokoni, naye amerudi kuimba jikoni. Amesema nyumba ilikuwa imekosa watu wa maana. Sikuuliza anamaanisha nani.

Nimepata muda wa kukaa na kufikiri mahali nilipokosea. Lazima mtu ajifunze, vinginevyo maisha yana faida gani? Nimechunguza mpango wote, mwanzo mpaka mwisho, na nimelipata kosa. Makosa mawili. La kwanza, maji. La pili, nilijiokoa peke yangu. Mtu aliyeokoka peke yake anabeba yatima wote peke yake! Ni hesabu ndogo, na mimi sikuiona.

Sasa, Dady anafanya Examen d'État mwaka ujao. Namjua Dady, concours si mambo yake. Lakini nimeambiwa kuna chama cha wachimbaji wazee wa dhahabu kule Bambu, nacho kinasomesha watoto wa wenzao. Zamani shimo moja liliporomoka huko, hakutoka mtu. Shimo! Kukavu kabisa. Nimekwisha kuwatumia ujumbe kwa dereva wa njia ya Nizi, jirani na huko, kwamba mimi niko hai, namshukuru Mungu, na kumbukumbu zinarudi.

Safari hii nimesema tulitoka wawili. Yatima tutagawana nusu kwa nusu, na mwenzangu ana nyumba kubwa kuliko yangu. Kesho nitamwendea taratibu, pengine na samaki mmoja mzuri. Isidore bado hajui kwamba aliokoka.